Mpwa wangu karudi na kigae cha Gede mfukoni, na anasema gemu ndiyo iliyomfunza

#1 MtuWaPedi (mleta uzi), Kisauni

Asalaam aleikum wana jukwaa. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka na apite salama.

Jumamosi dada'ngu alinipigia simu kwa ile sauti yake ya kunishtaki mimi kwa makosa ya mwanawe. "Njoo uone matunda ya hizo gemu zako." Nikafunga kibanda changu cha gemu mapema, nikavuka daraja la Nyali hadi kwake Kibokoni. Nakuta suruali ya shule imeanikwa, na juu ya meza, kando ya sahani ya mahamri, kuna kigae. Kidogo, hakizidi kiberiti. Upande mmoja ni mweupe wenye mchoro wa samawati, kama jani lililokatwa katikati. Upande wa pili mtupu. Pale kilipovunjika waona udongo wake wa ndani, mweupe na mkavu kama nyama ya nazi. Mamake alikuwa ameshakisugua kwa brashi ya nguo na sabuni ya unga mpaka kinang'aa, maana alidhani ni kipande cha sahani ya nyumbani.

Mtoto ana miaka kumi na mmoja, yuko gredi ya sita. Wiki hiyo shule iliwapeleka Gede, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Malindi.

"Umekichimba?"

"Sikuchimba, mjomba! Nimepangusa na kidole, polepole. Ukitumia beleshi kinapotea."

Nikakaa chini. Kwa wasiocheza: Minecraft toleo la 1.20, lililotoka Juni 2023, limeingiza akiolojia ndani ya gemu. Kuna mchanga wa kutiliwa shaka uliofichwa kwenye magofu ya jangwani na chini ya bahari. Ukiuvunja kwa beleshi, kilichomo hukipati tena. Lazima ushike brashi, upanguse taratibu mpaka kigae kichomoze. Ukikusanya vinne waunda chungu chenye michoro. Mpwa wangu ana vyungu mstari mzima kwenye nyumba yake ya humo kwenye simu. Kwa akili yake, alikwenda Gede kama fundi.

Usiku nikaanza kujikagua mwenyewe. Kibandani kwangu wengi huja kwa mpira, hilo lajulikana, lakini diski ya Uncharted 4 (ya 2016) imenilipia kodi miezi mingi. Drake, mwindaji wa hazina, na kakake wanaingia Madagaska, kisiwa jirani yetu kabisa, wanapanda minara ya kale, na kila ukingo wanaoushika unavunjika. Mnara uliosimama karne na karne unaangushwa na watu wawili asubuhi moja, wala hakuna anayesema pole. Wenyeji waona sokoni wakiuza matunda, na komba mmoja anayekwapua tofaa, basi. Juu ya minara yenyewe hawaulizwi neno. Cha kuchekesha, gemu hiyohiyo inaanza na Drake kukataa kazi ya Malaysia kwa sababu haina kibali, na inaisha na mkewe kununua kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ili waifanye kihalali. Kibali kinatajwa mwanzo na mwisho. Katikati ni saa kumi na kitu za kubomoa.

Lara Croft naye, kwenye Shadow of the Tomb Raider ya 2018, anachomoa jambia hekaluni, na hapohapo mafuriko yanaukumba mji na watu wanakufa. Nikadhani sasa gemu imezinduka. Rafikiye anamgombeza, analia kidogo, kisha tunaendelea kuingia makaburini na kuokota kila kinachometameta, na kila kiokotwacho kina alama zake.

Maswali yangu mawili. Kigae nikifanye nini? Na la pili, hizi gemu zinawaharibu watoto, au mimi ndiye ninayetafuta wa kulaumiwa?

#2 MpiraTu

Kiuze kwa mtalii pale Ngomeni (Fort Jesus), ununue pedi mpya. Ile ya kushoto analogi yake imelegea, kila siku napigwa bao kwa sababu yake 😂

#3 BintKibokoni

MpiraTu, utani huo mwache hukohuko uwanjani. Vitu vya kale Kenya ni mali ya taifa. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inasema ukigundua kitu cha namna hiyo una siku saba za kupiga ripoti. Mleta uzi, leo ni siku ya ngapi?

#4 MtuWaPedi

Ya tano, dada. Usinitishe.

#5 MwikoNaChekeche

Mwanangu MtuWaPedi, mimi ni mzee, nimefanya vibarua vya uchimbaji huku pwani ujanani, kwa hiyo nipe nafasi.

Kwanza mpe mpwa wako pongezi kwa kile kidole. Natania kidogo tu. Watu wazima wengi hawana subira hiyo. Lakini brashi ndiyo kazi ndogo kuliko zote shimoni. Kazi kubwa ni kamba, misumari, futi na daftari. Kabla hujainua kitu unaulizwa: kiko tabaka gani la udongo, kina gani, umbali gani kutoka ukutani, na kimelala pamoja na nini? Mimi nilikuwa mtu wa karai na chekeche. Siku moja nilitupa kigae kimoja kwenye karai lisilo lake, nikagombezwa kama niliyevunja sinia la bi harusi. Nilikasirika. Kigae kimoja! Ilinichukua muda kuelewa.

Nikueleze nilivyoelewa. Ukienda Gede, soma majina ya nyumba. Kuna Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Kauri, zile za baharini. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Majina hayo hawakuyatoa waliokaa humo. Wao walihama karne ya 17, na walivyoziita nyumba zao wameondoka navyo. Ni Kirkman, Mwingereza aliyeanza kuchimba pale 1948, aliyeita nyumba kwa kile kilichokutwa ndani yake. Sasa fikiri mtu amepita kabla yake akautia mkasi mfukoni. Mkasi ungekuwepo bado, kwenye kabati la mtu huko Ulaya, umepakwa mafuta vizuri. Nyumba ndiyo ingekosa jina.

Kigae cha kwenu kikiwa sakafuni mwa chumba kinaweza kumwambia mtaalamu kwamba watu walikuwa wakila humo baada ya bakuli lile kutengenezwa huko Uchina au kwingineko. Kikiwa mezani kwa dada'ko kinasema sabuni ni nzuri, basi.

Tena uchokozi huu haukuanza na gemu, tusiwaonee watoto. Tazama makaburi ya nguzo ya pwani yetu. Utaona tundu za duara kwenye chokaa, mfano wa alama anayoacha kikombe cha kahawa mezani. Humo mlipachikwa bakuli za kauri. Zilichokolewa moja moja na watu ambao hata umeme hawakuujua, seuze pleistesheni.

La mwisho, halafu ninyamaze. Mwaka 1977 nilikuwa kijana nikiuza madafu karibu na Ngome. Wapiga mbizi walikuwa wakishuka kuitazama Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama pale chini 1697 wakati Waomani wameizingira Ngome. Sisi tulingoja dhahabu. Kila wakiibuka twakimbilia ukingoni. Wakitoa mtungi, wakitoa kipande cha mbao, wakiandika. Kazi ile ilikwenda hadi 1980. Vitu vikaingia makumbusho ya Ngome, vipo mpaka leo, na mbao za meli wakazifunika mchanga wakaziacha palepale baharini. Tulisema Wazungu hawa wana wazimu, wameikuta meli wameifukia tena. Gemu gani itakupa alama kwa kufukia?

#6 KinondoniKwetu (Dar)

Mzee hapo juu heshima yako, shikamoo.

Wakuu, mnazungumzia gemu za kuruka na kupiga risasi, lakini mwizi mkubwa kuliko wote anavaa suti. Mimi ni mtu wa Civilization VI, gemu ya kujenga dola. Unamtuma mwanaakiolojia wako kwenye nchi za watu, anachimba, anarudi na malikale, unaiweka kwenye jumba lako la makumbusho. Sasa sikilizeni utamu: ili jumba lihesabiwe limepangika na upate utalii zaidi, vitu vitatu vilivyomo lazima viwe vya zama moja lakini kila kimoja kimetoka kwa ustaarabu tofauti. Ukiweka vitatu vya kwenu, hupati kitu! Gemu inakulipa kwa kuwa na vya wengine. Nilicheza miaka miwili nikiona ni hesabu tu, mpaka siku moja nikajiuliza, hii kanuni imetoka wapi? Nikakumbuka picha za majumba ya London na Berlin. Aliyetunga hakuwa na nia mbaya, aliandika tu jinsi makumbusho anayoyajua yeye yanavyofanya kazi.

Kwenye ile ya tano angalau ukichimba kwa jirani anakununia na kukuomba uache. Huwa naahidi, kisha nachimba 😅

Dawa yake nimeiona: Relooted, ya studio ya Nyamakop ya Johannesburg, ilitangazwa 2025. Ndani yake Waafrika wanavamia majumba ya makumbusho ya Magharibi na kurudisha vitu vyetu. Majumba ni ya kubuni, lakini vitu ni 70 vya kweli. Hiyo ndiyo gemu ya kumpa mpwa.

#7 MwanaHawe (Kilifi)

Kinondoni, kaka'ngu, nimecheka ila nataka nikuelezee sisi Wagiriama tunavyorudishiwa vyetu, uone kama kuna studio itakayokubali.

Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Si pambo. Ni yeye mwenyewe, yupo hapo, anapewa chake. Hata boma likihama kigango hakihamishwi. Kinakaa pale mvua ikinyesha, mchwa wakila, mpaka kiishe. Kuisha nako ni haki yake.

Mwaka 1985 mtafiti mmoja kutoka ng'ambo alimpiga picha mzee wa huku kwetu amesimama na vigango vya nduguze viwili. Haukupita muda mrefu, vikaibwa. Miaka ikapita, mtafiti yuleyule akakiona kimoja Marekani, kwenye mkusanyiko wa makumbusho. Cha pili kikapatikana makumbusho ya chuo kikuu huko huko. Ile picha ndiyo ikawa shahidi. Vilirudi kwa familia 2007. Hesabu mwenyewe: miaka ishirini na miwili, na mzee aliyepigwa picha alikuwa ameshafariki. Makumbusho ya Denver nao walikuwa na vigango 30. Walikubali kuviachia, na bado safari ikachukua miaka, hata ushuru wa forodha uliwahi kuwa kikwazo. Babu wa watu anatozwa ushuru wa kuingia kwao!

Kwa hiyo gemu yetu ingekuwa hivi: hatua ya kwanza andika barua. Hatua ya pili ngoja. Ya tatu, tafuta picha ya zamani. Ya nne, ngoja. Ya tano, bishana na mtu wa forodha. Ya sita, kigango kimefika, sasa kiwekwe wapi? Maana ukikirudisha wazi shambani, wezi wa kwanza bado wana wajukuu. Wengine wamejenga kizimba cha vyuma. Mzee ndani ya kizimba, fikiria.

Na hapa ndipo mimi hugombana na zile hadithi za mwanaakiolojia shujaa kofia kichwani, anayesema kila kitu mahali pake ni makumbusho. Kigango mahali pake ni pale kiliposimama, hata kama kitaoza. Gemu zote mlizotaja zinajua mahali pawili tu: mkononi mwa mwizi au kwenye kabati la kioo. Mahali pa tatu, kwa mwenyewe, bado sijapaona. Wapokomo nao ngoma yao Ngadji iko British Museum tangu Waingereza waichukue mwanzoni mwa karne ya 20. Ngoma isiyopigwa. Lakini huo ni uzi wao, siwasemei.

#8 BintKibokoni

Dada MwanaHawe umenitoa machozi na kicheko pamoja.

Mahali pa tatu papo, japo pachache. Tafuta Never Alone ya 2014. Jina lake la kienyeji ni Kisima Ingitchuna, na msikimbilie ndoo, kwa lugha ya Wainupiaq wa Alaska maana yake "siko peke yangu". Baraza la wenyeji wa Alaska ndilo lililoingia kwenye kazi ile na watengenezaji, na msimulizi anasema lugha yao mwanzo hadi mwisho. Ukipiga hatua unafunguliwa video za wazee wao wakieleza. Zawadi ya kucheza vizuri ni kukaa chini usikilize mzee. Nilipenda hilo kuliko gemu yenyewe, ambayo, kusema kweli, ile mbweha ilikuwa ikinitumbukiza majini kila mara.

Na kuna Assassin's Creed Origins ya 2017, Misri ya Kleopatra. Mwaka uliofuata wakatoa namna ya kuizunguka bila vita, Discovery Tour, wewe ni mtalii tu na maelezo. Masanamu yaliyokuwa uchi waliyafunika kwa makombe ya baharini ili walimu wasione haya. Kwetu yangefungwa leso na jina lingesomeka. Mhusika mkuu, Bayek wa Siwa (ile ya Misri, wala si siwa, lile baragumu letu la Pate), sauti yake ni ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Baadaye akatengeneza yake, Tales of Kenzera: Zau, 2024, akiwa na huzuni ya kumpoteza babake. Hiyo haina kuchimba kabisa, lakini mtoto ataona masimulizi ya Kibantu yakishughulikiwa na mtu aliyeyapokea nyumbani.

Mleta uzi, siku ya sita hiyo. Kigae?

#9 MpiraTu

Nimesoma uzi wote, mimi. Wa mpira. Mzee Mwiko nisamehe kwa ile ya mtalii.

#10 MwikoNaChekeche

Umesamehewa. Ila analogi ni kweli imelegea, nimecheza hapo na mjukuu wangu.

#11 MtuWaPedi (mleta uzi)

Nimerudi na habari.

Jana nilimchukua mpwa tukapanda matatu ya Malindi alfajiri, kigae kimefungwa kwenye hanchifu ya mamake. Njia nzima ameishika kwa mikono miwili kama mayai. Tulipofika nikajitambulisha, nikaeleza, nikitarajia kugombezwa. Bwana mmoja mtu mzima, mpole, akakipokea, akakigeuza juani, akasema, "Hiki kimesafishwa sana." Nikamwangalia mpwa, mpwa akaangalia miti.

Kisha bwana yule hakuniuliza mimi, akamuuliza yeye. "Ulikiokota wapi, baba?"

"Huko ndani."

"Twende unionyeshe."

Tukaenda. Mtoto akatupeleka kwanza karibu na jumba kubwa, kwenye ukuta wenye kivuli. Akasimama. Akasema hapana, palikuwa na mbuyu. Tukaenda kwenye mbuyu. Akatazama chini muda mrefu, akasema labda ni pale kima walipomnyang'anya mwenziwe biskuti. Tukaenda na huko. Sehemu tatu, na kila moja aliianza kwa uhakika na kuimaliza kwa kuuma mdomo. Bwana yule hakumharakisha hata kidogo. Nilimwonea huruma mtoto, lakini nikanyamaza, nikakumbuka karai la mzee Mwiko.

Tukarudi. Akatoa kikaratasi, akaandika tarehe, akaandika "kigae, nyeupe na samawati", akaandika "Gede". Chini yake akaandika "mahali hapajulikani". Akakitia kwenye mfuko mdogo pamoja na karatasi yake. Mpwa alilisoma lile neno la mwisho mara mbili tatu, midomo ikicheza.

Kwenye matatu ya kurudi alinyamaza hadi Kikambala. Halafu akaniuliza:

"Mjomba, ningekiacha, wangeweza kuiita Nyumba ya Jani?"

Nikamwambia nyumba za pale zina majina tayari.

"Si zote. Yule babu amesema nyingi bado ziko chini ya miti."

Jana usiku dada'ngu kanitumia picha ya simu ya mtoto. Kwenye ile nyumba yake ya Minecraft, chini ya kila chungu amebandika kibao: kigae hiki cha jangwani, hiki cha chini ya maji karibu na kijiji. Vyungu viwili vya mwisho vibao vyao ni vitupu.

MpiraTu, pedi ya kushoto nimeitengeneza. Kibanda kiko wazi kesho kuanzia saa nane mchana, Uncharted ipo, bei ni ileile.